Mlango Uliosema Hajambo

Makame Haji alikaa kwenye benchi la ofisi ya Daftari tangu saa mbili asubuhi. Alipoitwa, saa tano ilikuwa imeshapita, na karani aliyemsikiliza alishindwa kumsaidia. Akampeleka chumba cha wahandisi, kwa Subilaga Mwaisumo.

"Karibu, kaka. Kaa. Shida yako nini?"

"Nataka mke wangu afutwe."

Subilaga alidhani ni mambo ya talaka. Akaanza kumwelekeza dirisha la tatu, Makame akamkatiza kwa mkono.

"Amefariki, dada. Leo siku ya kumi na moja tangu tumzike. Lakini Daftari lenu linasema mzima. Kila asubuhi simu yangu inaniletea habari zake. Mwanajuma Omari, hajambo. Mimi nimechoka kusoma hivyo."

Katika jiji la Itamba hakuna mlango uliofunguka bila Daftari. Tangu bahari ilipokula miji ya pwani na watu wakapandishwa Nyanda za Juu, kila mkaazi alikuwa na akaunti yake, na kila akaunti iliunganishwa na bangili iliyovaliwa mkononi, inayopima joto, pumzi na mapigo ya moyo. Mlango wa nyumba, bomba la maji, geti la shule, zahanati, vyote viliuliza Daftari kwanza: huyu ni nani, na hali yake ikoje?

Subilaga akafungua akaunti ya Mwanajuma. *Hajambo. Joto 36.6. Imepimwa leo, saa kumi na mbili na nusu asubuhi.*

"Bangili yake iko wapi?"

Makame akatoa leso mfukoni, akaifungua mezani. Bangili ilikuwa imezimika.

Subilaga akarudi nyuma siku moja. 36.6. Wiki moja nyuma, 36.6. Mwezi, miezi sita, mwaka. Akachukua kipimajoto kwenye sanduku la huduma ya kwanza, akamwomba Makame akiweke kwapani. Kikasoma 37.1. Akafungua akaunti ya Makame mwenyewe: *Hajambo. Joto 36.6.*

Akaita orodha ya kata yote ya Pwani Mpya, kata aliyotoka Makame, watu mia tisa na kumi na mmoja. Namba ileile ikateremka kwenye kioo kutoka juu hadi chini, jina baada ya jina, wazee na watoto wachanga, bila tofauti hata ya nukta.

"Alikufaje?" aliuliza, sauti ikiwa ndogo kuliko alivyotaka.

"Homa ya ukungu. Alianza kukohoa, tukasema baridi. Siku ya tisa akashindwa kusimama, nikambeba hadi zahanati yetu. Unajua ile haina muuguzi, ni mlango na mashine ndani. Akaweka mkono. Mlango ukasema, 'Mwanajuma Omari, hajambo. Huna haja ya huduma leo.' Nikamwambia aweke tena. Ukasema vilevile. Nikapiga kelele, nikaupiga kwa jiwe. Tukaenda zahanati ya pili ya kata yetu, mimi na mama mkwe tukipokezana kumbeba. Mlango wa kule nao ukasema hajambo." Akaifunika bangili kwa leso. "Aliusikia, dada. Alikuwa bado anasikia."

Subilaga akaifunga akaunti. Akamwomba ampe hadi kesho.

*

Miaka saba nyuma, wiki ya kwanza kazini, Subilaga ndiye aliyeandika kijenzi cha Orodha ya Wakaazi, kile kipande cha programu kinachosajili watu, kuwaonyesha na kubadilisha taarifa zao. Aliyemfundisha ni mhandisi mkuu wa wakati huo, Ambakisye Mwakyoma, ambaye ofisi nzima ilimwita Mwalimu. Alikuwa na kanuni moja asiyoiachia: kijenzi kisijitafutie kitu. Kikitaka habari za watu, kiseme tu kwamba kinahitaji huduma ya watumiaji, kisha kingoje kupewa. Wa kukipa ni mgawaji, sehemu moja iliyokaa juu ya vijenzi vyote na kuamua nani apachikwe huduma ipi.

"Ukimwajiri mpishi," Mwalimu alimwambia, "humtumi akalime mpunga. Unampa mchele. Kesho ukimletea mchele wa shamba lingine, yeye anapika vilevile."

Na kweli ilifaa. Huduma ikichakaa, unaibadilisha mahali pamoja na vijenzi mia mbili havijui kitu. Ukitaka kukijaribu kijenzi bila kugusa akaunti za watu, unakipa huduma bandia, inayojibu kwa umbo lilelile la majibu lakini nyuma yake hakuna mtu. Kijenzi hakiwezi kutofautisha. Kimeandikwa kisihoji.

Sasa, Makame alipoondoka, alipitia kijenzi chake mstari kwa mstari, akakikuta kizima. Akaingia ghala la bangili, mahali vipimo vinapofikia kabla ya kusomwa na chochote. Navyo vilikuwa vizima, vinaingia kila saa. Basi akapanda kwa mgawaji. Chini ya ukurasa wa kata ya Pwani Mpya palikuwa na mstari mmoja usiokuwepo kwenye kata nyingine yoyote. Ulisema kwamba huduma ya watumiaji, kwa kata hii, itolewe na *BandiaSubi*.

Alisoma jina hilo mara tatu.

Ni lake. Huduma hiyo bandia aliiandika mwenyewe, mistari kumi na moja, kwa ajili ya majaribio. Uiulize habari za mtu yeyote, hai au maiti, itakujibu hajambo, 36.6. Namba aliichagua yeye kwa sababu aliikumbuka kutoka kitabu cha sayansi cha shule. Hata neno *hajambo* alilichagua yeye. Mwalimu alicheka siku ile, akasema walau programu yetu ina adabu.

Pembeni ya mstari paliandikwa aliyeupachika: A. Mwakyoma. Tarehe ilikuwa ya miezi kumi na minne iliyopita, wiki ambayo Mwalimu alistaafu.

Akarudi ghalani, akafungua vipimo halisi vya Mwanajuma. Siku ya kwanza ya ugonjwa, 38.1. Ya nne, 39. Ya tisa, asubuhi ile ya mlango, 40.3, pumzi thelathini na nane kwa dakika. Bangili ilituma kila saa, kwa uaminifu, na hakuna kilichoisoma. Saa nane na dakika ishirini mchana mapigo yaliandikwa sifuri. Saa tisa, sifuri. Daftari lilipoulizwa saa tisa hiyohiyo, lilijibu hajambo.

Akauliza ghala swali ambalo alitamani asilijue jibu lake: bangili ngapi za Pwani Mpya hazina mapigo?

Kumi na tisa.

Subilaga alitoka nje ya ofisi. Ukungu wa mchana ulikuwa umeshuka hadi kwenye misonobari ya barabarani, na watu walipita wamejikunyata kwenye makoti yao, kila mmoja akigusisha mkono kwenye milango, na milango ikifunguka.

*

Mwalimu Ambakisye alikuwa akiishi Pwani Mpya. Marehemu mkewe alikuwa mtu wa pwani, na baada ya kustaafu alihamia nyumba ya ukweni. Subilaga alimkuta barazani akimenya viazi, blanketi mabegani.

"Ugonile, Mwalimu," alimsalimia kwa lugha ya kwao.

"Nagonile, binti yangu." Alitabasamu, kisha akauona uso wake, akakiweka kisu chini. "Umeuona mstari."

"Kwa nini?"

"Kaa kwanza."

"Sikai. Kwa nini?"

Mzee alikohoa kwa muda mrefu, mgongo ukimtikisika. Subilaga alikijua kikohozi hicho. Kila mtu Itamba alikijua.

"Unaijua Sheria ya Uhamisho," alisema alipopata pumzi. "Mgonjwa wa homa ya ukungu, Daftari likimwona, gari linakuja siku hiyohiyo. Kambi ya bondeni mwaka mzima. Mwaka mmoja kabla sijastaafu walichukuliwa watu sabini hapa mtaani. Umewahi kuhesabu waliorudi? Mimi nilihesabu, maana nilikuwa na ufunguo wa kuona. Ishirini na wawili. Na dawa ipo! Vidonge vya siku kumi na nne, na baada ya hapo mtu haambukizi tena. Madaktari wanajua. Halmashauri inajua. Sheria iliandikwa kabla ya dawa, na kila kikao wanasema wataipitia kikao kijacho. Nikaona ninastaafu, na jambo pekee ninaloweza ni mstari mmoja. Daftari lisiwaone. Likisema hajambo, gari haliji."

"Na zahanati?"

"Zahanati nini?"

"Zahanati, Mwalimu. Ilijibiwa hajambo. Watu walikwenda wakafungiwa mlango."

"Hapana." Alitikisa kichwa. "Mimi sitoki nje, misiba niliisikia nikadhani wagonjwa wamechelewa kutibiwa. Zahanati ina rejista yake. Haijawahi kuuliza Daftari. Nilihakikisha. Nisingefanya vile kama..."

Hakumaliza, kwa sababu Subilaga alikuwa amekaa chini ghafla, sakafuni.

Ilikuwa Agosti ya mwaka jana, miezi miwili baada ya Mwalimu kuondoka. Halmashauri iliamuru zahanati zote ziunganishwe na Daftari. Kazi alipewa yeye. Aliandika kijenzi cha zahanati kwa namna aliyofundishwa, hakijitafutii kitu, kinangoja kupewa. Hakuwa na haja ya kutaja huduma ipi, maana kijenzi kipya kikiwekwa chini ya kata hurithi huduma ya kata. Alikijaribu kata zote thelathini. Kila mahali majaribio yalifaulu, na Pwani Mpya yalifaulu kuliko kwingine kote. Hakuna hata kosa moja. Alisifiwa kikaoni.

"Ni mimi," alisema. "Mwalimu, zahanati niliiunganisha mimi."

Mzee alimtazama.

"Wangapi?" aliuliza hatimaye.

"Kumi na tisa."

Akajifunika uso kwa blanketi. Subilaga alibaki pale sakafuni akisikia mtu aliyemfundisha kazi akilia ndani ya sufu, na hakuweza kumshika wala kuondoka. Alimkasirikia, alimhurumia, na kila alipotaka kumlaumu aliukuta mkono wake mwenyewe ndani ya jambo lilelile.

Baada ya muda mrefu mzee aliongea bila kujifunua. "Uking'oa mstari ule, leo hii magari yatajaa. Usipoung'oa, watakufa wengine. Lakini kuna njia, binti yangu. Unaijua."

Aliijua. Alikuwa ameifikiria njia nzima. Kinachowekwa kwenye kata hushuka kwa vijenzi vyote, isipokuwa kile kilichopewa cha kwake mahususi. Angeweza kukipa kijenzi cha zahanati huduma ya kweli, ili mlango uwaone wagonjwa na kuwapa vidonge, na kukiachia kijenzi cha uhamisho huduma bandia, ili magari yasije. Mstari mmoja. Asingejua mtu.

"Na siku hizo kumi na nne kabla dawa haijakamata," alisema Subilaga, "mgonjwa akimwambukiza jirani, nani atakuwa amemruhusu?"



*

Mstari wa zahanati Subilaga aliuandika asubuhi iliyofuata, bila kusita, kwa sababu hapo hapakuwa na la kufikiri. Saa mbili na dakika tano bangili za watu arobaini na watatu zililia kwa pamoja Pwani Mpya, na kila moja ikamwita mwenyewe kwa jina aende zahanati sasa hivi.

Mstari wa Mwalimu, unaozuia magari, hakuugusa. Alijiambia kwamba anangoja. Kwa kweli aliogopa.

Alipofika mtaani, foleni ilikuwa imeshapanga ukuta. Watu walikuwa kimya. Mtu akiingia na kutoka na pakiti ya vidonge, wengine waliiangalia pakiti ile kama kitu kilichodondoka kutoka mwezini. Makame alikuwa amemshika mkono Bi Riziki, mama yake Mwanajuma. Jina la Makame halikuitwa. La Bi Riziki lilikuwa la saba.

"Dada mhandisi," Makame alisema, "mlango umepona."

"Haukuwa mgonjwa, kaka."

Kisha akamweleza. Alimweleza pale foleni, kwa maneno mepesi, kwamba Daftari lilikuwa likijibiwa na kitu kisichojua chochote, kwamba kitu hicho alikitengeneza yeye, kwamba aliyekiweka alitaka kuwaepusha na magari, na kwamba aliyekifikisha mpaka zahanati ni yeye Subilaga.

Makame alisikiliza akimtazama mdomoni, kama kiziwi anayesoma midomo.

"Kwa hiyo siku ile," alisema polepole, "mlango ulisema maneno yako wewe."

"Ndiyo."

"Neno hajambo."

"Niliandika mimi."

Bi Riziki alimpiga kofi. Halikuwa kofi zito, mwanamke mwenyewe alikuwa na homa, lakini foleni nzima ililisikia. Makame hakumzuia. Subilaga hakuinua mkono.

"Tulijua kuna kitu," Makame alisema, sasa akiongea na ukuta. "Mtaa mzima tulijua. Mwaka na zaidi hakuna gari lililokuja. Watu wanakohoa na gari haliji. Tukanyamaza. Tulikuwa tunapeana mikono msikitini tunacheka, tunasema safari hii wametusahau. Hata mimi nilicheka." Akajifuta pua kwa kiganja. "Unaniambia mimi peke yangu kwa nini? Sema kwa wote."

"Nitasema kazini, nitaandika ripoti..."

"Sema hapa. Mnaamua mkiwa huko mezani, sisi tunasikia kwenye mlango. Sema hapa."

*

Walikusanyika saa nane kwenye uwanja wa shule ya msingi. Wagonjwa walikaa upande wa upepo unakoelekea, vitambaa mdomoni. Mwalimu Ambakisye alikuja akisaidiwa kutembea, akakaa kwenye kiti cha mwanafunzi, na Subilaga alipomaliza kusema, yeye naye alisimama akasema sehemu yake. Hakujitetea.

Zikapigwa kelele. Mwanamume mmoja aliyezika watoto wawili alimfuata mzee hadi watu wakamshika. Mwingine akamtetea mzee, akasema mama yake yuko hai kwa sababu hakupelekwa bondeni. Mwanamke aitwaye Saumu, mwalimu wa darasa la tatu, ndiye aliyeuliza kilichohitaji kuulizwa.

"Huo mstari uliobaki, wa magari. Ukiuacha, itakuwaje?"

"Wagonjwa watapata dawa hapa," Subilaga alisema. "Wiki mbili za mwanzo wanaweza kuambukiza. Mnaweza kuwatenga wenyewe, vyumba vya shule vipo. Lakini Daftari litaendelea kudanganya. Siku Halmashauri ikigundua, sijui watafanya nini."

"Na ukiuondoa?"

"Magari yatafika ndani ya saa mbili. Majina arobaini na matatu."

"Wewe unataka nini?"

Tangu jana Subilaga alikuwa akitafuta jibu sahihi, na kila alilopata lilimweka yeye juu, akiwagawia watu wengine maisha kama mgawaji anavyogawa huduma.

"Nataka msidanganywe tena na mimi," alisema. "Zaidi ya hapo sina haki."

Walibishana hadi saa kumi. Walipigana kwa maneno, wakanyamaza, wakaanza upya. Mwishowe Bi Riziki aliomba kushikwa mkono asimame. Sauti yake ilikuwa imekwama kifuani, ikabidi Makame airudie kwa nguvu sentensi baada ya sentensi.

"Mimi nimeitwa na hiyo bangili. Nikiwa mgonjwa, niandikwe mgonjwa. Mwanangu alikufa ameandikwa mzima, sitaki kufa hivyo. Mwache huyu binti aung'oe mstari. Gari likija, nitapanda. Lakini sitapanda peke yangu. Nani atapanda na mimi?"

Makame alirudia swali, na katikati ya kulirudia akagundua kwamba analijibu.

"Mimi," alisema.

Saumu akanyoosha mkono, kama wanafunzi wake. Mikono ikaendelea kuinuka, mingine haraka, mingine baada ya kutazamana. Si yote. Wapo waliochukua watoto wao wakaondoka uwanjani, na hakuna aliyewaita.

Subilaga alifungua mashine yake magotini, mbele ya wote, akaufuta mstari.

*

Yalikuja magari manne. Afisa wa Uhamisho, mtu mrefu aitwaye Kihwele, alishuka na orodha, akasoma jina la kwanza.

"Ambakisye Mwakyoma."

Mwalimu alipanda, taratibu, hatua moja moja. Kabla jina la pili halijasomwa, Makame alipanda nyuma yake. Akafuata Saumu. Wakafuata watu kumi kwa pamoja.

"Nyie shukeni!" Kihwele alipiga kelele. "Nimewaita nyie? Wewe, lete mkono." Alimpima Makame. "Hajambo huyu. Shuka."

"Hata mke wangu aliambiwa hivyo," Makame alisema, akakaa.

Baada ya nusu saa magari yote manne yalikuwa yamefurika hadi kwenye ngazi, na mamia wengine wamesimama mbele ya magurudumu. Kihwele alimwona Subilaga na kitambulisho chake cha uhandisi.

"Mhandisi, njoo. Thibitisha kwamba orodha hii ni sahihi, ili niwatoe hawa wasiohusika kwa nguvu. Nahitaji neno lako tu."

Angeweza kusema si sahihi. Magari yangerudi tupu. Ni neno moja tu.

"Ni sahihi," alisema. "Miezi kumi na minne ilikuwa uongo, na uongo huo niliuandika mimi, watu kumi na tisa wakafa nao. Leo ni sahihi. Sasa, afisa, wewe ulitumwa uondoe wagonjwa arobaini na watatu. Hawa wengine umetumwa uwafanye nini?"

Kihwele alitazama magari, akatazama orodha, akaenda pembeni kupiga simu. Alipiga simu nyingi. Magari hayakuondoka saa ile, wala kesho yake.

Sheria ilisema mgonjwa akishapanda gari amehamishwa, na haikusema gari liende lini. Daktari mmoja wa Halmashauri aliyeisoma vizuri alikuja siku ya pili na maboksi ya vidonge, akaanza kuyagawa humo humo garini. Halmashauri ikaketi kwa dharura, ikaahirisha, ikaketi tena. Siku ya sita Mwalimu Ambakisye alifariki kwenye gari la kwanza, Subilaga akimshikia kikombe. Waliomzika walikuwa wengi kuliko Subilaga alivyotarajia, ingawa yule baba wa watoto wawili hakuja. Siku ya kumi na nne walipimwa wagonjwa arobaini na wawili waliobaki, thelathini na tisa wakaonekana hawaambukizi tena. Kikao cha siku ya kumi na tano kilifuta uhamisho kwa kura tatu za ziada, na Kihwele akaagiza ngazi za magari zishushwe.

Asubuhi hiyohiyo Subilaga aliletewa barua. Alikuwa garini akimsaidia Bi Riziki kukunja nguo zake. Aliisoma amesimama, akairudia.

"Wanasemaje?" Bi Riziki aliuliza. Ilikuwa mara ya kwanza kumsemesha tangu siku ya kofi.

"Wamenifukuza kazi. Nisiguse Daftari maisha yangu yote. Na kesi ipo, nitaitwa mahakamani mwezi ujao."

"Vizuri," Bi Riziki alisema.

Aliendelea kukunja kanga bila kumtazama. Kisha akasogeza furushi lake upande, taratibu, pakabaki nafasi kwenye benchi la gari ya kumtosha mtu mmoja kukaa.